Je, kuvu za baharini na za mikoko yetu zinaweza kutupatia antibiotiki mpya?

Mfamasia wa Pwani

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mfamasia katika hospitali ya mkoa mmoja wa pwani, na karibu kila siku natoa seftriaksoni kwa ajili ya wagonjwa wa nimonia, homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya damu. Nikiandaa somo kwa wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo, nimesoma kwamba ukoo mzima wa antibiotiki ziitwazo sefalosporini, ambamo seftriaksoni imo, ulitokana na kuvu iliyopatikana katika maji ya bahari huko Sardinia, Italia. Jambo hilo limenigusa sana, kwa sababu dawa hii ndiyo tunayoikimbilia nyingine zinaposhindwa, na siku hizi majibu ya maabara yanayotuletea bakteria wasioisikia yanazidi kuongezeka.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie. Je, ni sahihi kusema kwamba dawa hii ni zawadi ya bahari, au ni hadithi iliyopambwa? Na kama kuvu za baharini zina uwezo huo, kwa nini baada ya miongo yote hii duka la dawa halijajaa dawa zake? Mwisho, mikoko imetanda kutoka Lamu hadi Mtwara, na delta ya Rufiji peke yake ni msitu mkubwa: je, kuna chochote cha maana kilichowahi kupatikana kwenye kuvu zinazoishi katika mikoko?

Mtafiti wa Kuvu

Ndugu Mfamasia, kisa cha Sardinia ni cha kweli, lakini kina sehemu ambayo husimuliwa kwa haraka mno, na ndiyo inayojibu swali lako la kwanza.

Giuseppe Brotzu, profesa wa afya katika Chuo Kikuu cha Cagliari, alikuwa akihangaika na homa ya matumbo. Mwaka 1945 alichukua sampuli za maji mahali panapoitwa Su Siccu, ambapo majitaka ya mji yalikuwa yakimwagwa baharini, kwa kuwa alishuku kwamba pale kuna kitu kinachowadhibiti bakteria wa majitaka. Akaotesha kuvu ambayo wakati huo iliitwa Cephalosporium acremonium, akaona kwamba inazuia bakteria wa aina nyingi, wakiwemo wale wa homa ya matumbo ambao penisilini ya siku zile haikuwaweza. Alifika hatua ya kuwatibu wagonjwa kwa dondoo ghafi la kuvu hiyo. Fedha za kuendeleza kazi hazikupatikana, kwa hiyo mwaka 1948 alichapisha matokeo yake katika jarida la taasisi yake mwenyewe, ambalo wasomaji wake walikuwa wachache, na kupitia daktari mmoja Mwingereza aliyewahi kufanya kazi kisiwani humo, taarifa na kuvu yenyewe vikamfikia Howard Florey, mmoja wa walioifanya penisilini kuwa dawa, kule Oxford.

Huko Oxford, Edward Abraham na Guy Newton waligundua kwamba kuvu hiyo moja hutoa kampaundi kadhaa. Mojawapo, sefalosporini P, ni ya jamii ya steroidi. Nyingine, waliyoiita sefalosporini N, ilikuja kubainika kwamba ni penisilini ya aina yake. Na ya tatu, sefalosporini C, ilijitokeza mwaka 1953 kwa kiasi kidogo, ikiwa imejificha ndani ya sampuli ya ile ya pili. Nguvu yake dhidi ya bakteria ilikuwa ndogo, na mtafiti asiye na subira angeiacha hapo. Wao hawakuiacha, kwa sababu haikuvunjwavunjwa na penisilinasi, kimeng'enya ambacho Staphylococcus sugu walikuwa wakikitumia kuiharibu penisilini katika hospitali za wakati huo. Mwaka 1961 Dorothy Hodgkin na mwenzake walithibitisha umbo la molekuli hiyo kwa kutumia eksirei: pete ya beta-laktamu, ile ile iliyomo katika penisilini, lakini imeungana na pete ya atomi sita badala ya tano. Kiini hicho kikitengwa, wakemia wanaweza kubadilisha minyororo ya pembeni katika sehemu mbili, na kutokana na uhuru huo ilikuja sefalotini mwaka 1964, kisha vizazi vilivyofuata hadi hiyo seftriaksoni yako. Hata leo kuvu ile, ambayo sasa hujulikana zaidi kama Acremonium chrysogenum, huoteshwa katika matangi makubwa ya viwanda, sefalosporini C ikavunwa, kisha ikakatwa ili kupata kiini hicho.

Sasa, je, ni zawadi ya bahari? Ilipatikana baharini, hilo halina ubishi. Hata hivyo mahali penyewe palikuwa mdomo wa majitaka, na kuvu za jamii hiyo huishi pia katika udongo wa nchi kavu. Jan na Erika Kohlmeyer, katika kazi yao ya mwaka 1979, walitenganisha kuvu za bahari halisi, ambazo hukua na kutoa spora baharini tu, na zile za nchi kavu au maji baridi zinazoweza kuimudu chumvi. Mimi ningeiweka kuvu ya Brotzu upande wa pili. Nasisitiza jambo hili kwa sababu sehemu kubwa ya kampaundi zinazoandikwa kwamba ni za kuvu za baharini hutoka kwa Aspergillus na Penicillium, ambazo spora zake zimo hata katika hewa ya chumba unachosomea ujumbe huu. Hazikosi thamani kwa hilo, kwani Aspergillus iliyozoea maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita huweza kutengeneza vitu ambavyo ndugu yake wa ghalani hatengenezi. Ila mtafiti anapaswa kuthibitisha kwamba kuvu yake ilikuwa hai ndani ya sponji au mti, na kwamba haikuangukia kwenye sahani yake kutoka darini.

Mkemia wa Viambata Asilia

Nashukuru kwa maelezo hayo, Mwalimu. Naomba nilishike swali la pili, kwa sababu ndilo ninaloishi nalo kazini.

Kwanza niseme faida kubwa ya kuvu, ambayo haitajwi vya kutosha. Viumbe vya baharini vimetoa kampaundi nyingi zenye nguvu, lakini mara nyingi kikwazo huwa kiasi. Ili kupata kama miligramu 300 za halikondrini, iliyozaa dawa ya saratani ya matiti iitwayo eribulini, watafiti walilazimika kukusanya tani nzima ya sponji katika bahari ya New Zealand. Hakuna miamba inayoweza kustahimili uvunaji wa namna hiyo, na eribulini ilifika kwa wagonjwa kwa sababu wakemia waliweza kuitengeneza maabara, kwa hatua nyingi na kwa gharama kubwa. Kuvu haihitaji hayo. Ukishaipata safi, unaihifadhi kwenye friza, unaiotesha tena wakati wowote, na bahari inabaki kama ulivyoikuta.

Basi kwa nini dawa ni chache? Sababu inayonikatisha tamaa zaidi kazini ni kukuta kitu kilichokwisha kujulikana. Mtafiti anaona dondoo lake limefuta bakteria wote kwenye sahani, anafurahi, anatumia mwaka mzima kulitakasa, na mwishoni anakutana na gliotoksini. Kampaundi hiyo ina daraja la atomi mbili za salfa, nayo huua bakteria, huua kuvu nyingine, na huua pia seli za binadamu pamoja na kudhoofisha kinga ya mwili. Aspergillus nyingi huitoa, ziwe za nchi kavu au za matope ya baharini. Kwa sababu hiyo siku hizi dondoo hupitishwa mapema kwenye spektrometa ya masi, uzito wa molekuli zake ukalinganishwa na hifadhidata za kampaundi zinazojulikana, kabla mtu hajatumia hata lita moja ya kiyeyusho kuitakasa.

Sababu nyingine imo ndani ya kuvu zenyewe. Jenomu zake zinaonyesha kwamba zina vikundi vya jeni vya kutengeneza kampaundi nyingi kuliko tunazoziona, lakini maabara, mahali penye sukari tele na bila adui, vingi hubaki kimya. Kundi la William Fenical, kule Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari katika jimbo la California, lilionyesha jambo hili vizuri mwaka 2001: kuvu ya jenasi Pestalotia, iliyotoka kwenye mwani wa kahawia wa visiwa vya Bahamas, ilianza kutoa kampaundi yenye klorini, waliyoiita pestaloni, pale tu ilipooteshwa pamoja na bakteria wa baharini. Iliripotiwa kuzuia Staphylococcus sugu kwa methisilini kwa nanogramu 37 tu kwa mililita. Baadaye wakemia wengine waliitengeneza wenyewe na kuipima upya, nayo ikaonekana dhaifu kuliko ilivyoripotiwa mwanzoni. Nawaomba wanafunzi wako wausome mfano huu hadi mwisho wake, kwa sababu namba ya kwanza ndiyo inayoendelea kunukuliwa.

Na hata kampaundi nzuri hupita njia ndefu. Kundi hilo hilo la Fenical lilipata halimaidi kutoka kwa Aspergillus iliyokuwa juu ya Halimeda, mwani wa kijani wenye chokaa ambao jenasi yake iko hata kwenye miamba yetu. Wakemia waliibadilisha, wakapata plinabulini, ambayo hujishikiza kwenye protini iitwayo tubulini na kuvuruga mifereji midogo inayoipa seli umbo na kuisaidia kugawanyika. Katika jaribio la wagonjwa 559 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, waliopewa plinabulini pamoja na dosetakseli, dawa ya kawaida ya saratani, waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 10.5, na waliopewa dosetakseli peke yake miezi 9.4. Kampuni iliomba pia iidhinishwe nchini Marekani kwa ajili ya kuzuia kushuka kwa chembe nyeupe za damu wakati wa tibakemia, na mwishoni mwa 2021 mamlaka ya dawa ya huko ilikataa, ikataka jaribio jingine. Kwa maoni yangu mamlaka ilikuwa na haki ya kudai ushahidi zaidi, lakini unaweza kuona ni fedha na miaka mingapi inayolala kati ya mwani mmoja na sindano moja.

Kwa upande wa antibiotiki hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa antibiotiki mpya hutakiwa itumike kwa uchache ili isizoeleke, na kitu kinachouzwa kwa uchache hakirudishi gharama. Kampuni nyingi kubwa zimeuacha uwanja huu wakati usugu ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Hilo linanihuzunisha.

Mfamasia wa Pwani

Nawashukuru nyote wawili kwa majibu yaliyoshiba. Naona sasa kwamba swali langu la tatu lilihitaji kuulizwa kwa uangalifu zaidi. Tuna maabara ndogo ya mikrobiolojia yenye autoklavu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke), inkubeta na kabati ya usalama, na vijana wawili wanataka mada ya utafiti inayohusu mikoko. Hatuna spektrometa ya masi. Je, kuna kazi ya kweli tunayoweza kuifanya hapa bila kujidanganya, na je, kuna aliyepata chochote kwenye mikoko kinachohusu malaria?

Mtafiti wa Kuvu

Kwenye mikoko, ndiyo. Mfano unaotufaa sisi wa ukanda wa malaria unatoka Thailand, ambako mwaka 2002 Masahiko Isaka na wenzake walieleza kampaundi za Aigialus parvus, kuvu ya bahari halisi inayoishi kwenye mbao za mikoko. Aigialomisini D na haipothemisini, zote za jamii ya laktoni zenye pete kubwa, zilizuia Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, kwenye chupa. Hazikuwa dawa, kwani haipothemisini hujifunga kwenye vimeng'enya vinavyoendesha seli zetu wenyewe, na kiwango kinachomuua mdudu wa malaria hakiko mbali vya kutosha na kinachoumiza mwili. Hata hivyo kampaundi za namna hiyo zimechunguzwa pia kama vianzio vya kutengenezea dawa za saratani.

Kuhusu kuanza, kazi ya kweli ipo, na inaanzia kwenye usafi wa uthibitisho. Chukueni mizizi ya hewa ya mchu, majani ya mkandaa yaliyo hai bado mtini (mchu na mkandaa ni aina za mikoko), na vipande vya magogo ya mkoko vilivyokaa majini muda mrefu. Magogo ndiyo makao ya kuvu za bahari halisi, na watu huyapuuza kwa sababu majani ni rahisi kuchuma. Majani na mizizi isafisheni kwa ethanoli ya asilimia 70, kisha maji ya klorini, kisha maji yaliyochemshwa katika autoklavu. Halafu fanyeni jambo ambalo tasnifu nyingi hulisahau: kabla ya kulikata jani, ligandamizeni juu ya agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, na kuliondoa, na maji ya mwisho ya kusuuzia nayo myamwage kwenye sahani nyingine. Kukiota chochote kwenye sahani hizo mbili, usafishaji haukutosha, na kila kuvu itakayotoka kwenye jani hilo haiwezi kuitwa mkazi wa ndani. Wekeni pia sahani tupu ikiwa wazi mezani muda wote wa kazi, ili mjue hewa ya chumba chenu ina nini. Agari itengenezwe kwa maji ya bahari, iwe na chakula kidogo, na itiwe kloramfenikoli ili bakteria wasiitangulie kuvu. Wavumilivu ndio watakaofaulu, kwa kuwa Aspergillus huijaza sahani kwa siku chache, ilhali kuvu za magogo huweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nyuzi.

Mkishapata kuvu safi, otesheni kwenye mchele. Maabara nyingi za dunia hufanya hivyo: mchele na maji ya bahari katika chupa ya konikali, huchemshwa katika autoklavu hadi uive, kisha kuvu hupandwa juu yake na kuachwa wiki tatu au nne bila kutikiswa. Mtaona wali ukishikamana na kugeuka rangi, mara njano, mara wekundu wa matofali, na kwenye chupa nyingine matone ya maji yenye rangi yakijitokeza juu ya ukungu. Matone hayo mara nyingi hubeba kampaundi zilizotolewa na kuvu. Mimina ethili asetati, iache usiku kucha, chuja, kausha, nawe una dondoo. Chupa hizo zisifunguliwe nje ya kabati ya usalama. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini ya Aspergillus flavus yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na wali wenye kuvu usiyoijua haupaswi kuaminiwa zaidi ya mahindi yale.

Mkemia wa Viambata Asilia

Naongeza machache juu ya vipimo. Sahani ya dondoo lazima iambatane na kidonge cha karatasi chenye kiyeyusho peke yake, na kingine chenye antibiotiki inayojulikana. Duara pana lisiwape furaha kupita kiasi, kwa sababu upana wake hutegemea pia jinsi kitu kinavyosambaa katika agari. Tafuteni kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji. Dondoo linalozuia kwa miligramu moja kwa mililita halijasema lolote, kwani kwa wingi huo hata vitu vya kawaida huzuia. Kisha, kabla ya hatua nyingine yoyote, tafuteni mshirika mwenye seli za mamalia apime kama dondoo hilo hilo linaziua. Likiua vyote viwili kwa kiwango kimoja, wekeni kando.

Spektrometa ya masi isiwazuie. Dondoo kavu husafiri vizuri, na ushirikiano na chuo chenye chombo hicho ni jambo la kawaida. Ila msitume kuvu yenyewe kabla hamjazungumza na mtu wa vibali.

Mwanasheria wa Mazingira

Nimesoma mjadala huu kwa hamu, na hapo ndipo ninapoweza kusaidia. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inampa mwenye nchi haki ya kuridhia kabla ya rasilimali zake za kijenetiki kutumiwa, na haki ya kugawiwa faida kwa masharti yaliyokubaliwa. Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Kwa Kenya, mtafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, pamoja na kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha kufikia rasilimali za kijenetiki, chini ya kanuni za mwaka 2006. Kwa Tanzania Bara huanzia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kwa kuwa mikoko ni misitu ya hifadhi, wakala wa misitu lazima ahusishwe. Zanzibar ina taratibu zake.

Ndugu Mfamasia, waandikieni wahusika kabla vijana hawajaingia matopeni, na katika mkataba wa kuhamisha sampuli andikeni bayana kwamba ruhusa inahusu pia mfuatano wa jeni. Leo mtu anaweza kuchukua mfuatano uliowekwa wazi mtandaoni, akatengeneza kikundi cha jeni na kukipandikiza katika kuvu nyingine bila kugusa tope la Rufiji. Nchi wanachama wa mkataba wa bioanuwai zilianzisha mfuko wa Cali mwezi Februari 2025 ili wanaofaidika na taarifa za namna hiyo wachangie, lakini michango yake ni ya hiari, kwa hiyo mkataba wenu wenyewe ndio ngao ya uhakika. Mkihitaji, nitawasaidia kuupitia mkishauandika.